Sura Chini ya Maharage

“Mama Shazia, huyo mwimbaji amekukosea nini mpaka umtundike kichwa chini?”

Aliyeuliza ni kinyozi, jirani yetu wa ng'ambo ya njia. Aliyeulizwa ni wifi yangu, asubuhi moja alipokuwa anaanika magunia. Kamba yetu ya nguo inaanzia kwenye nguzo ya choo na kuishia kwenye dirisha langu, na asubuhi hiyo ilijaa sura moja tu: mwanamke mzuri mwenye hereni kubwa, anacheka, mkono ameunyoosha kama anayekupa kitu. Gunia likibanwa kwa kitako, sura inaelekea chini. Basi walikuwa wanacheka wote kichwa chini, na upepo ukija wanatikisika.

Wifi alijibu vibanio vikiwa mdomoni, “Muache akauke. Akikauka nitamgeuza.”

Kinyozi alicheka, na mteja wake naye akacheka, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Mimi pia nilicheka. Ulikuwa mzaha wa asubuhi tu, na hakuna aliyeufikiria tena mpaka ulipogeuka kuwa hofu.

Wifi yangu aliolewa na kaka yangu. Kaka alikuwa mbeba mizigo kwenye kinu cha unga, na siku moja rundo la magunia lilimporomokea mgongoni. Alilala kitandani muda mrefu, kisha Mungu akamchukua. Mwenye kinu, kwa kumhurumia mjane, akampa wifi kazi ya kushona magunia yaliyopasuka. Alimpa kwa huruma, lakini hakumwondoa kwa sababu mishono yake ilikuwa haifumuki. Mwenye kinu alipokuja kununua mashine ya kushonea, wifi alirudi nyumbani na sindano yake, akaanza biashara yake mwenyewe. Ananunua magunia matupu, anayakung'uta, anayaosha, anayaanika, kisha anaingiza kichwa ndani ya gunia na kutazama juani. Kila tundu linaonekana kama nyota. Analiziba, na gunia linauzwa tena kwa watu wa mkaa na wa nafaka.

Sindano yenyewe ndiyo inaitwa shazia, nene na ndefu, ya kushonea magunia. Akipumzika anaichomeka kwenye kilemba. Watoto wa mtaa walikuwa wanadhani ni sehemu ya kichwa chake, na jina likamkaa.

Jambo la pili la kujua ni kwamba wifi ni mwoga. Nasema kwa mapenzi. Anaogopa mbwa, anaogopa sare, anaogopa meza yenye mtu nyuma yake. Hata mbuzi akimkazia macho sana, nadhani anaweza kumwamkia. Akiitwa ofisi yoyote ananiambia, “Wifi, tangulia wewe, mimi nipo nyuma yako,” na kweli anakuwa nyuma yangu, ameshika nguo yangu kama mtoto.

Mwaka ule mvua ilikatika. Vijiji vya bondeni vilikauka mpaka tukaona watu wanapita barabarani na magodoro vichwani. Ndipo yule mwimbaji, ambaye hata mimi nisiye na mambo ya nyimbo za dunia nilimjua kwa sababu ya redio ya kinyozi, akafanya tamasha kubwa nchi za mbali, watu wakachanga fedha kwa ajili ya njaa yetu. Nilimwombea. Malori yakaja, na kila gunia la mahindi lilikuwa na sura yake, na chini ya sura maneno: Zawadi ya upendo, haiuzwi.

Kilichofika kililiwa. Ambacho hakikufika, mimi sikijui. Magunia matupu ndiyo ninayoyajua, kwa sababu yalikuja uani kwetu kwa mkokoteni. Watu wa vijijini wakishamaliza chakula walikuwa wanauza gunia ili wapate chumvi na sabuni. Wifi aliyanunua kama alivyonunua mengine yote. Soko letu ndivyo lilivyo, maharage yanakaa kwenye magunia ya mbolea, mchele kwenye ya sukari, mkaa kwenye ya chakula cha kuku, na sijawahi kusikia mtu akidhani anakula mbolea.

Kisha redio ikaanza.

Mtangazaji alisema fedha za mwimbaji zimeliwa. Wengine wakasema zimenunua magari ya kifahari. Wengine wakasema zimelipia hoteli za wakubwa waliokuja kutazama njaa. Shirika lililopewa fedha likasema hapana, kila kitu kimefika. Mwimbaji mwenyewe akasikika analia, anasema watu wa kwao wanamuuliza michango yao iko wapi, naye hana jibu. Halafu mtu fulani akapiga picha soko la mji jirani, inaonyesha mahindi yanauzwa kwenye magunia yenye ile sura. Mtangazaji akasema, “Ushahidi ndio huu. Chakula cha wenye njaa kinauzwa mchana kweupe.”

Siku hiyo kinyozi alivuka njia mikono mitupu, mkasi ameuacha. Hakuwa na mzaha. Alisimama karibu na kamba akasema kwa sauti ya chini, “Mama Shazia. Anua.”

“Hayajakauka.”

“Anua, dada yangu. Anua sasa hivi.”

Aliyaanua yakiwa yanachuruzika. Vibanio vilikuwa vinamdondoka. Alipoingiza lile rundo chumbani akafunga mlango, akabaki amesimama katikati ya chumba, anayatazama. “Wifi,” akaniambia, “yananitazama.” Nikamwambia ni rangi tu. Akasema, “Najua ni rangi. Lakini yananitazama.”

Kuyachoma hakuthubutu, moshi wa nailoni ungeita mtaa mzima. Kuyatupa aliona vibaya, ndiyo mtaji wake wote. Wifi ni mtu wa magunia, akafikiri kama mtu wa magunia: akayageuza. Ndani akaweka nje, nje akaweka ndani, kama unavyogeuza shati lililopauka, akayapiga pindo upya. Alishona mlango ukiwa umefungwa, jua linawaka juu ya bati, jasho linamchuruzika kidevuni. Kila hatua ikipita njiani anasimamisha mkono. Alijichoma vidole, jambo ambalo sikuwahi kumwona analifanya.

“Unajua unachofanya?” nilimuuliza.

“Nageuza tu. Sura ikiwa ndani haionekani. Isipoonekana hakuna wa kuuliza.”

Nami nikaona ana akili.

Magunia hayo aliyachukua Mama Pacha. Huyu ni muuza maharage wa soko letu, mwanamke mdogo mwenye watoto mapacha wanaonyonya, anayefanya biashara mmoja akiwa mgongoni na mwingine kwenye beseni. Aliyapindua mkononi akauliza, “Mbona haya ni meupe hivi, mama? Maandishi yako wapi?”

“Nimeyageuza. Mshono unakaa vizuri zaidi.”

“Haya, mradi hayavuji,” akasema, akayapanga kichwani akaenda zake.

Nilikuwa sokoni siku walipokuja wakaguzi. Nilikwenda kununua nyanya. Waliingia na askari, na kijana wa picha, na nyuma yao watu wengi kuliko nilivyowahi kuona pale, kwa sababu redio ilikuwa imetangaza kuwa leo wezi wa njaa watakamatwa. Walipita meza baada ya meza. Walipofika kwa Mama Pacha, mmoja wao akachota maharage kwa kopo, akachota tena, kisha akaona uvivu, akaliinua gunia akalimwaga lote kwenye turubai. Maharage yakatiririka. Mdomo wa gunia ukafunguka, na mle ndani, kati ya punje zilizobaki, ile sura ikatoka inacheka.

Kisha mtu mmoja akapiga kelele, “Wameificha! Wameigeuza ili waifiche!”

Sijui nielezeje kelele zilizofuata. Meza ilipinduliwa. Maharage yakakanyagwa. Mtu akasema apigwe, mwingine akasema achomwe, na hao walikuwa watu ninaowajua, watu ambao huwa tunasalimiana. Mama Pacha alikuwa anazunguka na mtoto mgongoni, anasema, “Nimenunua hivi hivi! Nimenunua hivi hivi!” na hakuna aliyemuuliza kwa nani. Askari ndio waliomwokoa, kwa kumkamata. Yule wa kwenye beseni aliokotwa na mama mkwe wake. Mimi niliacha nyanya zangu palepale.

Wifi alinisikiliza amekaa juu ya ndoo. Nilipofika kwenye sura na maharage, alinyanyua mkono kama anayetaka kunizuia. “Walisema nini?” akauliza.

“Wamesema ameificha.”

Mara tukasikia injini ya gari njiani, nzito, inapunguza mwendo. Wifi aliruka kutoka kwenye ile ndoo, akakimbilia chooni akajifungia. Lilikuwa gari la maji. Mwenye gari akapiga honi, akasubiri, akaniuliza, “Leo hamchukui?” Nikamwambia leo hatuna kiu. Wifi alikaa mle mpaka sauti ya gari ikapotea kabisa, na alipotoka uso wake ulikuwa kama majivu. Mimi nilisali alasiri hiyo macho wazi, nikitazama mlango.

Kesho yake ndipo alipokuja mama mkwe wa Mama Pacha. Ni mwanamke mzee, miguu imemvimba, alikuja polepole akiwa na mjukuu mmoja mgongoni na mwingine mkononi, maana watu wa mahabusu walikuwa wamekataa watoto wakae mle, hata yule aliyekamatwa mgongoni kwa mama yake. Wifi alimwamkia, akampa kiti. Nilimpokea mtoto mmoja. Bibi akafungua kanga, akatoa gunia moja lililosalia chini ya meza ya maharage.

“Mwanangu,” akamwambia wifi, “nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye fundi. Nitazamie huu mshono. Ni wa nani? Mkwe wangu anasema amenunua hapa mjini, lakini kila akianza kusema kwa nani, analia tu, wanamwambia atunge uongo mwingine. Kesho kutwa watampeleka gereza la mbali. Hawa watoto nitawanyonyesha nini mimi?”

Wifi alilishika gunia. Alipitisha kidole gumba kwenye pindo, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama anavyofanya siku zote.

“Siujui, mama,” akasema.

“Huujui?”

“Siujui.”

“Basi, Mungu akubariki mwanangu, umenitazamia.” Bibi akalikunja gunia lake, akachukua wajukuu wake, akaondoka na miguu yake ile.

Tukabaki wawili uani, na kamba tupu. Nikasema tu, “Amekuita mwanangu.”

“Nimesikia.”

“Wifi...”

“Nimesikia, wifi! Nina masikio.” Kisha sauti ikamvunjika. “Nikienda watanifunga mimi. Au watu watanimaliza kabla sijafika. Uliwasikia mwenyewe sokoni. Wewe ulikimbia ukaacha nyanya, na wewe hata gunia hujawahi kugeuza.”

Nikamshika mkono, tukakaa hivyo. Mkono ulikuwa baridi katika joto lile. Kisha akasema, “Yule mtoto uliyempokea, alikuwa ananyonya kidole chako?”

“Ndiyo.”

“Niliona.”

Asubuhi yake alivaa gauni lake la kusalia. Akachukua gunia moja la sura ambalo hakuwahi kuligeuza, akalikunja kwapani, akachomeka shazia kwenye kilemba. Nilisimama mlangoni nikisubiri aniambie nitangulie. Hakusema. Akasema, “Njoo nyuma yangu. Nikirudi nyuma, nisukume.”

Tume iliyoundwa kuchunguza fedha za mwimbaji ilikuwa inakaa kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu, wengine wamejaa madirishani. Mbele walikaa mwenyekiti wa tume, mwanamke wa makamo mwenye sauti iliyochoka, na wajumbe waliotumwa na mwimbaji. Mlangoni askari alimtazama wifi kichwani. “Hiyo nini?”

“Sindano.”

“Hiyo sindano? Hiyo ni silaha. Toa.”

Akaitoa. Akawa kama mtu aliyevuliwa kiatu kwenye miba. Akageuka nyuma. Nikamsukuma. Nilimsukuma kidogo tu, kwa kiganja, lakini nilimsukuma.

Ndani watu walikuwa wanauliza maswali makali. Mwalimu mmoja alisema, “Tuambieni mahema tuliyoahidiwa yako wapi.” Dereva wa lori akasema yeye amebeba mizigo ya jukwaa la sherehe za kupokea msaada mara nyingi kuliko mahindi. Mtu dirishani akapaza sauti, “Magari yale meupe ya kifahari yalikula njaa ya nani?” Kila swali, mjumbe mmoja alikuwa anajibu kwamba hilo litaangaliwa, na kwamba wananchi wajue tayari mshukiwa amekamatwa, aliyeficha alama za msaada kwa makusudi. Mama Pacha alikuwa amekaa pembeni, kwenye sakafu, kati ya askari wawili. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa.

“Nani mwingine?” akauliza mwenyekiti.

Wifi alisimama. Sauti ya kwanza haikutoka. Ya pili ilitoka ndogo.

“Ni mimi.”

“Wewe ndiye nini, mama?”

“Niliyegeuza. Huyu alinunua kwangu, hakujua.”

Darasa lilivuma. Mtu mmoja nyuma akasema neno baya, dawati likaburutwa, na mimi nikafumba macho. Nilipoyafumbua wifi alikuwa bado amesimama. Akafungua lile gunia, sura ikawa inawatazama wote. Akaingiza mkono mpaka bega, akashika pembe za kitako, akazivuta kwa ndani, na sura ikamezwa taratibu mpaka likabaki gunia jeupe. Alifanya hivyo huku machozi yanamtoka, bila kufuta.

“Kwa nini ulifanya hivyo?” akauliza mwenyekiti.

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini kama hukuiba?”

“Niliwaogopa ninyi,” wifi akasema. “Na redio. Na kinyozi aliniambia nianue.”

Watu wachache wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomnyanyua kinyozi. Hata sikujua yumo. Alisimama kwenye dirisha, mguu mmoja ndani na mmoja nje. “Mwenyekiti, mimi ndiye kinyozi. Huyu mama amemwanika mwimbaji juani msimu mzima, mbele ya duka langu, kichwa chini. Nilimtania nikachoka. Mwizi gani anaanika wizi wake kwenye kamba ya nguo? Magunia yalikuja matupu kwa mkokoteni, mtaa wote umeona. Mimi ndiye niliyemtisha. Mkitaka kukamata mtishaji, haya.”

Mjumbe alitaka kusema kitu. Mwenyekiti akamnyamazisha kwa mkono, akamtazama Mama Pacha, akatazama lile gauni lililolowa.

Nitangulie kidogo niseme yaliyofuata. Mama Pacha alirudi kwa watoto wake siku ileile. Wifi aliandikishwa maelezo, akatakiwa awe anaripoti kituoni, na magunia yake yote yakachukuliwa kama kielelezo. Anaripoti mpaka leo, na siku ya kuripoti hawezi kula. Mama mkwe wa Mama Pacha alikuja, akakaa kwenye kiti kilekile, hakusema neno la lawama, na wifi alilia zaidi kuliko angelaumiwa. Kuhusu fedha za mwimbaji, tume iliondoka na magari yake meupe, na hatukusikia zilikokwenda. Redio ina habari nyingine siku hizi. Mimi namwachia Mungu, lakini namwachia nikimkumbusha.

Sasa nirudi darasani. Mwenyekiti alipokuwa anafunga makaratasi yake, alimwona wifi bado amesimama, gunia limening'inia mkononi. Nadhani alimhurumia.

“Mama, una ombi lolote kwa tume?”

Nilidhani ataomba shazia yake. Nilidhani ataomba asamehewe. Wifi aliwatazama wale wajumbe wa mwimbaji kwa mara ya kwanza, akasema:

“Safari nyingine mkileta chakula, naomba msiweke sura ya mtu kwenye gunia.”